Kazi ya Kuua Wadudu Waharibifu: Biashara Inayotaka Uaminifu

Mkulima avunaye mahindi yake na kuyatia ghalani hudhani kuwa vita vimekwisha. Amepigana na magugu, na ndege, na viwavi, na mvua iliyokawia. Sasa magunia yamepangwa, mlango umefungwa na kufuli imetiwa. Lakini yuko adui asiyejali kufuli. Huingia pamoja na mahindi yenyewe kutoka shambani, akiwa yai ndani ya punje, wala mwenye mali hana habari naye mpaka siku anapofungua gunia akaona unga umemwagika chini na punje zimebaki maganda.

Kwa sababu ya adui huyo na jamaa zake, yaani mende wa jikoni, kunguni wa kitandani, mchwa wa nguzoni na panya wa darini, imezuka kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wanaifanya siku hizi, nayo ni kazi ya kufukiza maghala na kuua wadudu majumbani kwa malipo. Ni kazi yenye faida, kwa kuwa wadudu hawakomi kuzaliwa. Lakini pia ni kazi ambayo mtu mmoja mwenye haraka aweza kumharibia mteja wake mali, kuwaharibia mafundi wenzake dawa, na hata kuua watu. Kwa hiyo yafaa wale wanaotaka kuingia katika biashara hii, na wale watakaowalipa, wajue jinsi inavyokwenda.

ADUI ALIYEVUKA BAHARI

Wadudu wa ghalani ni wengi, lakini wawili wanajulikana zaidi kwa wakulima wa mahindi. Wa kwanza ni fukusi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Huyu ni adui wa zamani. Wa pili ni dumuzi, ambaye wakulima wengine wa Kenya wamempa jina la Osama, na wenzao wa Tanzania humwita Scania, kwa vile anavyopita katika mahindi kama lori kubwa.

Dumuzi si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Alifika Tanzania katika miaka ya mwisho ya 1970, akaanza kujulikana kwa madhara yake upande wa Tabora, na mwaka 1983 alionekana Taveta, katika ardhi ya Kenya. Tangu hapo ameenea. Hula mahindi, hula muhogo uliokaushwa, hata mbao za ghala hutoboa. Katika baadhi ya maghala ya wakulima yaliyopimwa Tanzania, ilionekana kuwa kama theluthi moja ya uzito wa mahindi ilipotea katika miezi michache tu. Mwaka 1992 wataalamu walimleta Kenya mdudu mwingine, mwenye kumla dumuzi, wakamwachilia ili asaidie. Msaada huo upo, lakini hautoshi kumlinda mtu mwenye magunia mengi ghalani. Huyo humwita mfukizaji.

FUNDI HUUZA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba fundi wa kufukiza huuza dawa. Si kweli. Dawa hununuliwa dukani, na bei yake mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote. Kitu anachouza fundi ni vipimo vilivyo sawa, kuziba kusikoacha ufa, na siku za kungoja. Mtu asiyefahamu jambo hili hataiweza biashara hii, au ataiweza kwa kuwadanganya watu.

Dawa itumikayo zaidi ghalani ni vidonge vya aluminiamu fosfaidi. Kidonge kimoja chenye uzito wa gramu 3 kikikutana na unyevu wa hewa hutoa polepole gramu 1 ya gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo hupenya katikati ya magunia, ikaingia ndani ya punje, na kuwafikia wadudu mahali ambapo unga wa dawa haufiki. Kidonge hubaki majivu ya rangi ya kijivu, na gesi ikishapeperushwa vizuri mahindi hufaa kuliwa.

Sasa linakuja jambo kubwa. Wadudu wazima hufa upesi, lakini mayai, na wale walio katika hali ya kugeuka ndani ya punje, ni wagumu kuliko wazazi wao. Hao hawafi mpaka gesi ikae nao kwa muda mrefu. Mahali penye joto, gesi yapaswa kukaa si chini ya siku 5. Mahali penye baridi, kama nyanda za juu, siku 7 au zaidi. Na ikiwa nafaka ina baridi ya chini ya digrii 15, kazi hiyo haifai kufanywa kwa dawa hii. Muda wote huo turubai la plastiki lililofunika magunia lisiwe na tundu, na kingo zake zilaliwe na mifuko mirefu ya mchanga, iliyopangwa kama nyoka, pasiwe na nafasi kati ya mmoja na mwingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii, asiyeziba ufa hajafukiza.

HESABU YA MAGUNIA 200

Mathalan, mkulima wa Kitale ana magunia 200 ya mahindi, kila moja la kilo 90. Hizo ni kilo 18,000, yaani tani 18. Ikiwa karatasi ya dawa inaagiza vidonge 3 kwa kila tani, vitahitajika vidonge 54. Vidonge havirundikwi mahali pamoja, kwa sababu gesi ikiwa nyingi mno mahali padogo yaweza kuwaka moto. Husambazwa juu ya sinia chini ya magunia, visigusane.

Fundi mwaminifu huketi na kuandika gharama zake kabla ya kutaja bei: vidonge 54, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, siku ya kufunika na siku ya kufunua, ujira wa wasaidizi, mlinzi wa kukaa karibu na ghala usiku na mchana ili asiingie mtu wala mnyama, sehemu ya bei ya turubai, ambalo huchakaa, na sehemu ya bei ya kinyago cha kuzuia gesi, ambacho kichujio chake huisha nguvu na kutaka kubadilishwa. Juu ya hayo yote huweka faida yake. Bei hiyo, akiitaja, huonekana kubwa.

Kisha huja fundi wa pili, asemaye kwamba ataifanya kazi hiyohiyo kwa nusu ya bei. Mteja hufurahi. Lakini nusu ile ya bei imetoka wapi? Haikutoka katika nauli, maana nauli ni ileile. Imetoka katika vidonge, ambavyo badala ya 54 vimekuwa 20. Imetoka katika turubai, ambalo lina matundu. Imetoka katika mlinzi, ambaye hayupo. Na imetoka katika siku, kwa kuwa ghala litafunguliwa baada ya siku 2. Mkulima akitazama ataona wadudu wamelala chali juu ya magunia, naye atalipa kwa moyo mweupe. Baada ya majuma machache yale mayai yaliyosalia yatakuwa wadudu, na mahindi yataliwa kana kwamba hayakufukizwa. Hapo mkulima atasema kwamba dawa ilikuwa mbaya. Dawa haikuwa na kosa.

MADHARA YASIYOONEKANA

Hasara ya mkulima huyo ni kubwa, lakini iko nyingine inayowapata watu wasiomjua wala kumwona. Wadudu walioonja gesi kidogo wakapona ndio walio na nguvu ya kuistahimili, na watoto wao huirithi nguvu hiyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifanya uchunguzi katika nchi nyingi miaka ya 1972 na 1973, likaona kwamba tayari wako wadudu wa ghalani wenye kuistahimili fosfini. Baadaye, katika miaka ya 1980, huko Bangladesh, ilionekana wazi jinsi maghala yasiyozibwa vizuri, yakifukizwa mara kwa mara, yalivyozaa wadudu ambao dawa haikuwaweza tena.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu mafundi hawana gesi nyingi za kuchagua. Zamani ilitumika gesi ya methili bromaidi, yenye kufanya kazi upesi. Lakini ilijulikana kwamba inaharibu tabaka la ozoni angani, na kwa mapatano yaliyofanywa Montreal mwaka 1987 na nyongeza zake, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia kwa kazi za kawaida kufikia mwaka 2015. Fosfini ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo la maghala. Basi fundi anayefukiza kwa vidonge haba chini ya turubai lenye matundu anakula akiba ya mafundi wote, na ya wakulima wote.

GESI HAINA RAFIKI

Fosfini huua watu kama inavyoua wadudu. Hupita katika nyufa za ukuta na chini ya mlango. Wengine huisikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu si mlinzi wa kutegemewa, maana yaweza kupotea na gesi ikawapo bado. Wala haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Daktari humsaidia mgonjwa apumue na moyo wake usisimame, basi.

Mwezi wa Januari 2017, katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas huko Marekani, vidonge vya namna hii vilikuwa vimewekwa chini ya nyumba ili kuua panya. Mtu mmoja wa nyumba hiyo alijaribu kuviosha kwa maji. Maji yaliifanya gesi itoke kwa wingi na kwa ghafula, ikapanda ndani ya nyumba, na watoto 4 wakafariki. Nyumba nyingi za wakulima wa Kenya zina chumba cha mahindi kilichopakana na chumba cha kulala. Fundi akiombwa kufukiza chumba cha namna hiyo hana budi kukataa, ingawa mteja atamwonyesha fedha mkononi. Magunia yatolewe yapelekwe mahali pa mbali na watu, au itumike njia nyingine.

KAZI YA MAJUMBANI

Mjini, fundi huitwa zaidi kwa ajili ya kunguni, mende na mchwa. Huko nako kosa la haraka ni lilelile, ila linakuja kwa sura nyingine.

Kunguni hujificha katika maungio ya kitanda, katika mishono ya godoro na nyuma ya picha ukutani. Dawa nyingi za kunyunyiza huua wakubwa na wadogo lakini haziui mayai, na mayai huanguliwa katika muda wa siku 6 hadi majuma 2 hivi. Kwa hiyo fundi anayenyunyiza mara moja na kuaga amefanya nusu ya kazi. Mwenye kujua kazi yake humwambia mteja tangu mwanzo kwamba bei ni ya safari mbili, ya pili ikiwa baada ya majuma 2. Pia humwagiza afue mashuka kwa maji ya moto na kuyaanika juani, kwa kuwa joto la digrii 50 na zaidi huwaua kunguni pamoja na mayai yao. Tena huuliza habari za majirani, maana katika nyumba za kupanga zenye vyumba vilivyopangwa safu moja, kutibu chumba kimoja ni kuwahamisha kunguni kwenda cha pili. Mkataba mzuri ni ule unaofanywa na mwenye nyumba kwa ajili ya safu nzima.

Kwa mende, kazi kubwa ni ya mwenye nyumba mwenyewe: kufunika chakula, kukausha sinki na kuziba nyufa. Fundi akiweka chambo cha dawa katika jiko chafu, mende watakuwa na chakula kingine cha kuchagua.

Wakulima wa Kenya wana sehemu yao katika historia ya dawa za majumbani. Ua la pareto, lililoanza kulimwa nchini katika miaka ya 1920, liliifanya Kenya kuwa ya kwanza duniani kwa miaka mingi katika kuuza dawa itokayo katika ua hilo. Dawa ya pareto huangusha wadudu upesi na huharibika upesi juani. Wataalamu waliiga umbile lake wakatengeneza dawa nyingine zenye kudumu zaidi, nazo ndizo zilizomo katika makopo mengi ya dukani. Lakini kunguni wa mahali pengi wamekwisha kuzizoea dawa hizo za kuiga. Kuongeza kipimo si jibu. Jibu ni kubadili aina ya dawa, kutumia joto na usafi, na kurudi mara ya pili.

SHERIA NA DAFTARI

Kenya ina sheria juu ya mambo haya tangu mwaka 1982, nayo ni Sura ya 346 ya sheria za nchi. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha bodi ya serikali inayojulikana kwa kifupi kama PCPB. Dawa yoyote ya kuua wadudu lazima iandikishwe na bodi hiyo kabla ya kuuzwa, na mfukizaji wa kulipwa hutakiwa kuwa na leseni. Chombo cha dawa kina karatasi yenye nambari ya kuandikishwa na utepe wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu ni kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo nafuu. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda au kufungwa katika kipande cha karatasi haina nambari, haina kipimo, na haina mtu wa kuulizwa ikileta maafa.

Baada ya leseni, chombo cha pili cha fundi ni daftari. Humo huandika tarehe, jina la mteja, kitu kilichotibiwa, jina la dawa na nambari yake, kipimo, siku ya kufunika na siku ya kufunua. Daftari humkumbusha ni lini arudi. Humwonyesha ni kazi zipi zilizoleta faida na zipi zilizokula faida. Na mteja akilalamika, daftari ndilo shahidi. Wateja wanaomfaa zaidi fundi ni wale wa kila mwezi, kama hoteli, shule za bweni, maduka ya unga na hospitali, maana fedha zao huja kwa utaratibu. Hao nao hupenda fundi mwenye maandishi, kwa kuwa mkaguzi wa afya akija huwauliza habari za wadudu.

FUNDI ANAPOSEMA “HAPANA”

Liko jaribu la mwisho la uaminifu, nalo ni kumwambia mteja kwamba hahitaji kazi, au kwamba kazi haitamsaidia. Mahindi yaliyopata ukungu hayaponi kwa kufukizwa. Gesi huua wadudu, haiondoi sumu ya aflatoksini iliyokwisha kuingia katika punje. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Fundi akikuta mahindi yenye unyevu, amweleze mwenye mali ayakaushe kwanza mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 au chini yake. Na akikuta yenye ukungu, asiyafukize ili yaende sokoni.

Na mkulima mwenye magunia 5 au 10 hana haja ya gesi hata kidogo. Iko mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kawaida nje, iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za wakulima wa Cameroon katika miaka ya 1980. Mahindi makavu yakifungwa barabara ndani yake, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa wenyewe. Mwenye magunia zaidi aweza pia kuuliza katika maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, ambayo huwakaushia na kuwafukizia wakulima nafaka zao kwa malipo. Fundi anayetoa mashauri kama haya hupoteza ujira wa siku moja. Lakini mkulima yule ana ndugu, ana chama cha ushirika, na ana mwana anayesimamia ghala la shule, atawaambia.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei, mteja na aulize maneno machache. Leseni iko wapi? Dawa ni ipi, na nambari yake ni gani? Vidonge vitakuwa vingapi kwa tani, na turubai litakaa siku ngapi? Nani atalinda usiku? Je, utarudi mara ya pili, na kwa bei gani? Fundi wa kweli hayachukii maswali hayo, kwa sababu majibu yake yote yamo daftarini. Anayekasirika akiulizwa na aachwe aende zake, hata kama bei yake ni ndogo.